Yurea Haipimwi kwa Kiganja

Katika skimu za makazi zilizozunguka Nakuru, kutoka Bahati na Dundori mpaka Njoro na Mau Narok, stoo nyingi za wakulima huwa na gunia la yurea lililobaki nusu. Mwenye shamba alilinunua kwa ajili ya mahindi. Baadaye mtoto wake huchota kidogo akatia katika bomba la kunyunyizia kabeji. Jirani naye huja kuomba kikombe kimoja, maana amesikia kwamba ng'ombe akilambishwa yurea huongeza maziwa. Gunia ni moja, kazi ni tatu, na kipimo ni kile kile siku zote: kiganja cha mkono.

Naandika kupinga kiganja hicho. Tena naandika kuwapinga wale wanaochoma mabua ya ngano na shayiri mara tu mavuno yakiisha, halafu katika kiangazi cha Januari mpaka Machi wakakopa pesa za kununulia nyasi. Mambo haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini yana mzizi mmoja. Wengi wetu twajua yurea hufanya nini katika mahindi, wala hatujajisumbua kujua hufanya nini ikiingia ndani ya maji. Na yurea bila maji haina kazi. Kavu katika gunia ni kama chumvi tu.

Basi tuanze na maji. Chukua ndoo yenye lita moja ya maji, utie nusu kilo ya yurea, ukoroge kwa kijiti. Itayeyuka upesi. Lakini kabla haijaisha kuyeyuka, gusa ndoo kwa nje: imekuwa baridi kama iliyotoka mtoni alfajiri. Yurea huchukua joto la maji ili ipate kuyeyuka. Na kama una subira ukangoja maji yapate joto tena, waweza kuongeza nusu kilo nyingine nayo ikayeyuka, kwa kuwa maji ya digrii 20 huweza kubeba yurea ya uzito sawa na uzito wake yenyewe, na zaidi kidogo. Ni vitu vichache sana vya dukani vinavyoyeyuka kwa wingi namna hiyo.

Sababu yake ni hii. Molekuli ni chembe ndogo kabisa ya kitu, ambayo ukiivunja zaidi haitakuwa kitu kile tena. Molekuli za maji hushikana mikono, zikaachiana, zikashikana na nyingine, wala hazitulii hata nukta moja. Molekuli ya yurea ina mikono ya namna ile ile pande zake zote, kwa hiyo huingia katikati ya maji kama mgeni anayejua lugha ya wenyeji. Hapana ghasia.

Ghasia huwapata wale wasiopenda maji. Kila mama afuaye nguo ameiona kazi ya sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta usioyapenda. Sabuni ikiwa ya kutosha katika beseni, molekuli zake hukusanyika vikundi vikundi, mikia ikajificha ndani na vichwa vikabaki nje, mfano wa nyati waliozungukwa na simba. Protini nazo, yaani vile vitu vinavyojenga nyama, maziwa na ute wa yai, hujikunja kwa namna kama hiyo, zikaficha ndani sehemu zao zenye tabia ya mafuta. Sasa yurea ikiwa nyingi katika maji, maficho hayo hulegea. Sabuni huhitaji kuongezwa kabla ya kufanya vikundi vyake, na protini iliyojikunja hukunjuka kama mkeka uliofunguliwa.

Mkulima mwenye ng'ombe anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Toa krimu katika maziwa vizuri kadiri uwezavyo, upime nusu ya gilasi, kama mililita 100, utie gramu 60 za yurea. Koroga, kisha ngoja baridi iondoke. Maziwa ni meupe kwa sababu ndani yake mnaelea vifungu vya protini iitwayo kaseini, visivyohesabika, na kila kimoja ukubwa wake ni kama sehemu moja katika elfu kumi ya milimita. Vifungu hivyo ndivyo vinavyoutawanya mwanga. Yurea inapovilegeza, kaseini huachana, na weupe hupungua sana mpaka maziwa hayo yakafanana na maji ya mtindi. Krimu iliyobaki ndiyo itakayoacha ukungu. Maziwa hayo yamwage katika shimo la mbolea, wala ndama asipewe.

Wataalamu walijua tangu mwanzo wa karne ya 20 kwamba yurea nyingi huzikunjua protini, lakini wamebishana kwa muda mrefu jinsi inavyofanya. Mwaka 1968 Frank na Franks walieleza kwamba yurea huuvunja mpango wa maji yenyewe, na vitu vilivyojificha vikakosa sababu ya kujificha. Kazi zilizofuata, hasa zile zilizofuatisha mwendo wa molekuli kwa kompyuta, zimeelekea upande mwingine: yurea huisogelea protini yenyewe na kuishika moja kwa moja kuliko maji yanavyoishika, na protini ikaona nafuu kukaa wazi. Kwangu mimi hoja hii ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba yurea hukaa na maji bila kuyachafua mpango.

Na papa wa Bahari ya Hindi je? Samaki huyu hubeba yurea katika damu yake, kama gramu 20 kwa kila lita, ili chumvi ya bahari isimkaushe. Ingefaa protini zake zilegee. Hazilegei, maana mwilini mwake mna kitu kingine kinachozikaza, kiasi cha molekuli moja kwa kila molekuli mbili za yurea. Lakini akisha kufa mambo hubadilika. Aliyenunua papa mkavu sokoni Mombasa aijua harufu yake inayochoma pua. Vijidudu vimeivunja yurea ikawa amonia.

Hapo ndipo wakulima wengi wanapopotea. Yurea ni kitu kimoja, na amonia ni kitu kingine. Ile ya kwanza haina harufu, ni pole, haichomi mkono. Ya pili ni hewa kali. Katika udongo, katika kinyesi, katika mabua na katika tumbo la ng'ombe mna vijidudu wenye kimeng'enya kiitwacho yuresi, na kimeng'enya hiki kikipata yurea yenye unyevu huigeuza kuwa amonia. Kilo nne za yurea zikigeuka zote hutoa kilo mbili na robo hivi za amonia. Wako wanaosema barazani kwamba yurea humuua ng'ombe kwa kuyeyusha nyama ya tumbo lake, kama inavyolegeza maziwa katika gilasi. Sivyo. Ili kuyalegeza maziwa yale tulitia zaidi ya nusu ya uzito wake. Ng'ombe hufa kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na muuaji ni amonia.

Shambani nitapita upesi, kwa kuwa Bwana Shamba amelisema mara nyingi. Udongo hauishiki yurea ambayo haijageuka. Mvua kubwa ikinyesha siku ile ile huishusha chini kupita mizizi. Ikiachwa juu ya udongo wenye umande pasipo mvua, hugeuka amonia ikapaa hewani. Dawa ni kuifunika kwa udongo, au kuitia wakati mvua ya wastani iko karibu. Gunia la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, na anayeziachia hewani amezilipia kama anayezifunika. Kwa majani ya mazao, gramu 400 katika bomba la lita 20 zatosha, nyunyizo lifanywe jioni, na maji yale baridi yapewe muda yapate joto kwanza. Dawa ya wadudu isichanganywe humo ila kibandiko cha dawa hiyo kikiruhusu.

Sasa nije kwenye mabua, na hapa nitakaa kidogo.

Njoro si mahali pa kuambiwa thamani ya ngano. Kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa huko mwaka 1927, na chuo cha Egerton mwaka 1939, kwanza kama shule ya ukulima. Kwa miaka yote hiyo tumejifunza kuipenda punje na kuyadharau mabua. Ng'ombe huyala akiwa na njaa sana, lakini hayamsaidii. Katika kila kilo 100 za mabua makavu ya ngano, protini ni kilo tatu au nne tu, na nguvu iliyo ndani ya nyuzi zake imefungwa na kitu kigumu kiitwacho lignini, kama gundi iliyopakwa kati ya mbao. Vijidudu wa tumbo la ng'ombe hugonga mlango huo bila kufunguliwa.

Amonia hufungua. Hukata baadhi ya viungo vinavyoifunga lignini na nyuzi, na nyuzi zenyewe hufura zikaacha nafasi. Vijidudu huingia. Tena sehemu ya naitrojeni hubaki ndani ya mabua, na kiasi cha protini ghafi huweza kupanda kama mara mbili. Ladha nayo hubadilika. Ng'ombe aliyekuwa akichaguachagua hula zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Pima kilo 100 za mabua makavu. Yeyusha kilo nne za yurea, zilizopimwa kwa mizani, katika lita 50 za maji, ukoroge mpaka pasiwe na punje hata moja iliyobaki chini. Tandaza mabua tabaka kwa tabaka katika shimo au juu ya karatasi ya nailoni, ukinyunyiza kila tabaka sawasawa kwa mkebe wa kumwagilia maua, na kukanyaga hewa itoke. Kisha funika kwa nailoni na kuziba kando zote kwa udongo. Kufunika ndiyo nusu ya kazi. Yurea inahitaji muda wa kugeuka, na amonia ikipata tundu itaondoka; utabaki na mabua yaliyolowa maji ukasema mafundisho ni ya uongo. Kule Rongai kwenye joto majuma matatu yatosha. Mau Narok kwenye baridi ngoja manne au matano.

Siku ya kufungua, simama upande upepo unakotoka, na watoto wakae mbali, maana hewa ile huumiza macho na kifua. Toa ya kulisha siku moja, uyaanike mpaka kesho yake, harufu kali ikiisha ndipo ng'ombe apewe. Anza kwa kiasi kidogo, uongeze katika muda wa majuma mawili, na pamoja nayo umpe pumba au majani mabichi na chumvi ya madini. Vijidudu wanapata naitrojeni katika yurea, lakini bila nguvu ya wanga hawawezi kuitumia kujenga protini.

Nyasi nzuri zilizovunwa zingali na utamu, na chakula kilichotiwa molasi, visitiwe dawa hii. Sukari ikikutana na amonia chini ya nailoni huweza kutokea sumu inayomtia ng'ombe wazimu, akakimbia ovyo na kugonga ua. Dawa hii ni ya mabua maskini: ya ngano, ya shayiri, ya mahindi yaliyokauka.

Najua jibu litakalotolewa. Watu watasema kazi ni nyingi, na kiberiti ni shilingi chache. Ni kweli, mtu mwenye eka mia na trekta aweza kuona hivyo. Lakini skimu zetu hazikukatwa kwa ajili ya eka mia. Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, familia nyingi zilipewa ardhi ndogo pamoja na mkopo, na katika skimu nyingi ng'ombe wa gredi alikuwa ndiye wa kuulipa. Tangu hapo vishamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu. Mwenye eka mbili hawezi kuchoma chakula cha ng'ombe akasema anasafisha shamba. Na kama yeye hana ngano, jirani yake anayo, na mabua ya jirani huuzwa kwa bei ndogo wakati wa mavuno.

Sasa kiganja. Ng'ombe wa kilo 400 asiyezoea yurea huweza kudhurika akila gramu 120 mpaka 200 kwa mara moja. Jaza viganja vyako viwili, uweke juu ya mizani, ndipo uniambie. Hata ng'ombe aliyezoezwa polepole asipewe zaidi ya gramu moja kwa kila gramu 100 za chakula chake kikavu cha siku, na chakula hicho kichanganywe vizuri, kigawanywe asubuhi na jioni. Ndama walio chini ya miezi sita wasipewe kamwe, kwa kuwa tumbo lao kubwa halijakomaa. Nguruwe na kuku haiwafai.

Hatari iliyo kubwa kupita zote ni ya maji. Mkulima ameweka jiwe la kulamba lenye yurea katika hori lisilo na paa. Kwa majuma mawili ng'ombe wamelamba bila shida. Usiku mvua inanyesha, na ile yurea iliyo tayari kuyeyuka kuliko karibu kila kitu kingine humo inashuka chini ya hori pamoja na maji. Asubuhi ng'ombe wa kwanza kufika ana kiu. Kilichokuwa kikilambwa kidogo kidogo sasa kinanywewa kwa mikupuo. Tumboni yurea hugeuka amonia upesi mno, ini hushindwa kuisafisha, na amonia ikajaa katika damu. Katika muda wa nusu saa au saa moja ng'ombe hutetemeka, hutoa mate mengi, hupumua kwa haraka, hupepesuka, tumbo likafura. Aliyeacha ndoo ya maji ya yurea karibu na boma wakati wa kutayarisha mabua amejitafutia hasara ile ile.

Nimesikia watu wakiuita msiba huo uchawi wa jirani. Jirani hana lake katika hilo. Hori lilikosa paa na tundu la kutolea maji.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na vyama vya ushirika vikiyakataa vitoe sababu. Kila kituo cha kukusanyia maziwa tayari kina mizani au kipimo cha maziwa. Mwanachama aruhusiwe kuipimia yurea yake hapo, isifunguliwe karibu na mikebe. Wenye maduka wanaouza yurea kwa kilo katika mifuko isiyo na maandishi waandike jina lake kwa herufi kubwa, maana punje zake nyeupe mtoto aweza kuzidhani kuwa chumvi ya ng'ombe. Na mabwana shamba wetu, ambao huonyesha yurea katika mahindi kila msimu, waje na nailoni na mabua siku moja mara baada ya mavuno ya ngano, waonyeshe kazi hii uwanjani mbele ya akina mama, kwa kuwa katika nyumba nyingi wao ndio wanaokata majani na kukama.

Mpaka hayo yafanyike, mwenye yurea na ng'ombe katika boma moja aweke siki dukani ingalipo. Ng'ombe mkubwa akionyesha dalili nilizotaja, huduma ya kwanza ni lita 20 mpaka 40 za maji baridi pamoja na lita mbili mpaka sita za siki, anyweshwe polepole kwa chupa, kichwa kisiinuliwe sana yasimwingie mapafuni. Maji baridi huipunguza kasi ile kimeng'enya, na siki huifunga amonia isipite upesi katika damu. Aliyekwisha kuanguka na asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Daktari wa mifugo aitwe wakati huo huo, mtu mwingine akishika simu huku wewe ukishika chupa.